Redio ya Valvu Inavuma, Inapasua Sauti, Inanuka: Kapasita Ipi Imekufa, na Uweke Ipi

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa. Anavuma tu, habari hasemi."

Alikuwa ameifunga kwa khanga, akaishusha kwenye bajaji kama mtu aliyebeba mtoto. Redio ya mbao ya mwishoni mwa miaka ya 1950, mawimbi ya kati na mafupi, valvu tano, zile taa za kioo za ndani ya redio: ECH81, EBF89, EBC81, EL84 na EZ80. Ukiijua hii moja umezijua nyingi, maana mpangilio huu na ndugu zake ulienea sana kwenye redio za Ulaya za wakati ule. Nikamuuliza kama ameiwasha karibuni. "Leo asubuhi, mara mbili, nione kama imepata nafuu." Roho ikanipaa.

Redio iliyolala miaka ishirini kabatini haichomekwi ukutani kwa majaribio. Kapasita ni kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme; ile ya elektroliti inafanya kazi kwa ngozi nyembamba ya oksidi iliyo juu ya alumini, na ngozi hiyo hudhoofika isipopata umeme. Ukiipiga volti 300 ghafla inapitisha mkondo badala ya kuuzuia, inachemka, na mzigo wote unaangukia EZ80, valvu ya kugeuza umeme, na transfoma. Kapasita mpya ni bei ya chai na maandazi. Transfoma ya redio ile utaitafuta mpaka uchoke.

Kwa hiyo kwanza fungua mgongo, angalia kwa macho. Nta iliyotiririka kutoka kwenye kapasita za karatasi, ganda lililopasuka, kopo lililovimba au lenye ute mkavu chini yake, rizista iliyokuwa kahawia ikawa nyeusi: hizo zote ni habari. Angalia pia kichaguzi cha volti nyuma. Kikiwa kwenye 220 na umeme wako ni 240, kila kitu ndani kinapata volti za ziada. Ukitaka kuwasha, pitisha waya mmoja wa umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye waya ndani, si LED. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti; zima. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, unaweza kuendelea kupima.

Na kabla hujatia mkono: kapasita za kuchuja zinakaa na umeme hata plagi ikiwa mfukoni mwako. Zimalize kwa rizista ya kilo-ohm 10 yenye wati kadhaa, ukiwa umeifunika vizuri, kisha hakikisha kwa mita. Mafundi wengi hupiga bisibisi "paa!" wakacheka. Bisibisi inaungua ncha, na wakati mwingine kapasita nzima inaharibika palepale.

Redio isiyo na transfoma ya umeme ni jambo jingine kabisa. Zile zenye valvu za UCH81, UL84, UY85 zimeunganisha chasisi moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Plagi ikigeuka, chasisi nzima ina umeme, pamoja na skrubu za mgongoni. Kama huna transfoma ya kutenganisha, funga redio, rudisha kwa mwenyewe.

Sasa dalili. Mafundi huuliza kapasita imeandikwa namba gani, wanatafuta ileile. Mimi nauliza kwanza ilikuwa inafanya kazi gani pale. Maikro (maikrofaradi, kipimo cha kapasita) 0.01 iliyo kwenye gridi, mlango wa kuingilia sauti, ya EL84 na maikro 0.01 iliyo kwenye umeme wa ukutani ni namba moja, lakini ukizibadilishana moja itafanya kazi na nyingine inaweza kuua mtu.

Inavuma hata ukipunguza sauti mpaka mwisho

Huu ndio ugonjwa wa mzee. Mvumo usiobadilika unapozungusha sauti unatoka kwenye kuchuja umeme. Redio yenye EZ80 hutumia pande zote mbili za wimbi, hivyo mvumo wake ni wa hezi 100, mzito lakini una makali kidogo. Zenye UY85 hutumia upande mmoja, mvumo wake ni wa hezi 50, mzito zaidi.

Kuna kapasita mbili pale, mara nyingi ndani ya kopo moja: ya kwanza inapokea umeme kutoka EZ80, ya pili inausafisha baada ya rizista au koili. Pima volti kwenye ya kwanza. Zikiwa chini sana ya zilizoandikwa kwenye mchoro, na mvumo upo, ya kwanza imekauka, maana ndiyo inayoshikilia kimo cha volti. Volti zikiwa sawa na mvumo bado upo, shuku ya pili. Kopo likiwa la moto baada ya dakika kumi, na halijakaa ubavuni mwa valvu, linavujisha. Toa mara moja.

Redio ya mzee ilisoma volti 170 mahali pa 265. Ya kwanza ilikuwa imebaki jina tu.

Uweke ipi? Kopo lilikuwa la maikro 32 mara mbili, volti 350. Siku hizi utapata 33 au 47, na kwa hapa yoyote inafaa. Volti nenda 450, sababu redio ikiwashwa valvu zikiwa bado baridi hakuna anayekula umeme, na transfoma ya volti 250 inapandisha mpaka karibu 350. Chukua ya nyuzi joto 105, ndani ya kabati lile ni jiko.

Hapa ndipo nilipoaibika mimi mwenyewe. Zamani nilitoa kapasita kwenye televisheni ya kichogo, maikro 220 volti 400, nono, nzuri, nikaona mvumo utakwisha milele. Ulikwisha kweli, pamoja na EZ80. Ilirusha cheche ndani ya kioo, bluu, mara mbili, ikazima. Valvu hiyo hairuhusu kapasita ya kwanza izidi maikro 50, kwa sababu kapasita kubwa inavuta mkupuo mkubwa wa mkondo kila wimbi linapofika kileleni. Ya pili unaweza kuikuza kidogo, ya kwanza iheshimu. Na zile ndogo za ndani ya balbu za kuokoa umeme ziache, zimepikwa tangu siku ya kwanza.

Usiunganishe mpya juu ya mgongo wa ya zamani. Ya zamani ikiwa inavujisha itaendelea kuvujisha ikiwa na mwenzake. Ikate waya, liache kopo juu ya chasisi kwa sura, mpya zikae chini. Ila kabla ya kukata angalia kama kopo limegusa chasisi au limetengwa na duara la karatasi. Likiwa limetengwa, upande hasi haurudi chasisi moja kwa moja. Unapitia rizista ndogo inayotengeneza volti hasi za valvu ya sauti. Ukiulehemu chasisi umeipoteza hiyo volti, na valvu ya sauti itakimbia bila breki.

Inaanza vizuri, baada ya dakika kumi sauti inapasuka

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa mwenye redio anaivumilia. Anazima, anapumzisha, anawasha tena, na kila mara valvu na transfoma ya sauti vinaungua kidogokidogo.

Mkosaji ni kapasita moja inayopitisha sauti kutoka anodi, yaani mlango wa kutokea, ya EBC81 kwenda gridi ya EL84, valvu ya sauti. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti za moja kwa moja (DC). Upande mmoja una volti 100 hivi, upande wa pili unatakiwa uwe sifuri. Karatasi ikishalowa unyevu, na huku pwani unyevu haukosi, inaanza kuvujisha, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyozidi. Gridi inapanda juu ya sifuri, EL84 inakula mkondo kupita kiasi, sauti inakoroma.

Pima hivi. Ncha nyeusi ya mita kwenye chasisi, nyekundu kwenye pini ya 2 ya EL84, redio ikiwa imeshapata moto. Ukiona hata nusu volti chanya, kuna jambo. Gridi ina rizista ya megaohm 1 kwenda chini. Volti 1 juu yake ni maikroampea 1 tu, ambayo maana yake kapasita yako bado ina megaohm karibu mia moja. Ni kiasi kidogo ambacho mita ya kawaida haikioni ukiipima kapasita mezani, lakini EL84 inakihisi. Hakikisha kwenye pini ya 3: kathodi, ncha inayotoa elektroni, inatakiwa kuwa na volti 7 hivi. Ikisoma 11 au 12, valvu inaungua.

Wakati mwingine kapasita haina hatia. Zima, maliza umeme, inua mguu mmoja wa kapasita, washa upime tena. Volti zikibaki, valvu yenyewe ndiyo mbovu.

Ya kuweka ni ya filamu, poliesta au polipropilini, maikro 0.01 volti 630. Ina maandishi 103 K: 10 na sifuri tatu, pikofaradi 10,000, na K ni kosa la asilimia 10. Volti 250 zingeonekana kutosha, lakini kumbuka ule muda wa valvu baridi. Tofauti ya poliesta na polipropilini kwenye redio hii hutaisikia, hata wakuambie nini kwenye video.

Mimi hii naibadilisha bila kuuliza, hata redio ikiimba vizuri. Ni kapasita pekee ninayoitendea hivyo.

Mzee alipoiona mezani, silinda ndogo ya kahawia yenye mstari mweusi upande mmoja, akauliza, "Huo mstari ndio chanya?" Hapana. Kwenye kapasita ya karatasi mstari unaonyesha upande ambao foili yake iko nje, ili ielekezwe chini na kukinga mivumo. Ya filamu haina chanya wala hasi.

Na usidanganywe na mita yenye kipimo cha kapasita. Nilipima ile iliyotolewa: iliandikwa 0.01, ikasoma 0.016. Fundi mgeni atasema bado ina nguvu, tena imeongezeka. Iliyovuja mara nyingi husoma juu zaidi, kwa kuwa mita inapima kwa volti chache na kuuhesabu mkondo unaovuja kama chaji. Ugonjwa wake hujitokeza kwenye mamia ya volti.

Imenyamaza ghafla, na kuna harufu

Zima kwanza, ndipo ufikiri. Kwenye anodi ya EL84, pini ya 7, kuna kapasita ndogo ya kupunguza ukali wa sauti, maikro 0.002 mpaka 0.005. Wengi huiona ndogo wakaweka ya volti 400. Lakini pale sauti inapopanda, volti za anodi hucheza hadi karibu mara mbili ya volti za laini. Weka 1000 kwenda juu. 1600 ni bora, na hazina tofauti kubwa ya bei. Ikiwa imeunganishwa anodi na chasisi kisha ikapiga shoti, umeme wote unapita kwenye koili ya transfoma ya sauti na kuiunguza. Ikiwa imekaa sambamba na koili, shoti inaleta ukimya tu, umebahatika.

Harufu ikitoka karibu na EBF89 au ECH81, valvu za kupokea mawimbi, tafuta rizista iliyoungua ya skrini-gridi (gridi ya pili ya valvu), halafu kapasita ya maikro 0.05 au 0.1 inayotoka pale kwenda chini. Kubadilisha rizista peke yake ni kuichoma ya pili. Mpya ni 0.047 au 0.1, volti 400 au 630. Namba za zamani na za leo hazilingani kabisa, lakini 0.02 inakuwa 0.022, 0.25 inakuwa 0.22, na redio haitajua.

Stesheni yenye nguvu inapasuka, ya mbali iko safi

Watu hubadilisha valvu hapa wakapoteza pesa. Redio ina njia ya kujipunguzia nguvu inapokamata stesheni kali: volti hasi zinarudi nyuma kwenye ECH81 na EBF89 kupitia rizista ya megaohm 1 au 2. Kapasita ya maikro 0.1 au 0.05 kwenye njia hiyo ikivuja, hata ikiwa bado ina megaohm 1, nusu ya volti hizo zimepotea. Hapa volti ni ndogo, hazifiki hata 30, kwa hiyo ya filamu ya volti 100 inatosha. Ndiyo kapasita pekee kwenye redio nzima ambayo unaweza kuweka kitu kidogo kama punje ya hindi.

Inapiga tukutuku

Sauti kama ya pikipiki isiyo na kizuia sauti, tuk-tuk-tuk, wakati mwingine na filimbi juu yake. Kapasita ya pili ya kuchuja imekauka, au ile ya maikro 4 au 8 inayotenganisha hatua moja na nyingine, na sauti kubwa inarudi kwenye hatua ndogo kupitia laini ya umeme. Zima, shikisha nzuri sambamba, washa, ikinyamaza umempata. Kisha itoe ya zamani.

Sauti ikiwa hafifu tu, bila mvumo wala mikwaruzo, angalia kapasita ya kathodi ya EL84, maikro 25 volti 25. Imekauka. Weka 22 au 47, volti 35 au 63, uangalie chanya iende kathodi.

Mvumo unaokuja na stesheni

Kati ya stesheni redio kimya, ukikamata stesheni mvumo unapanda nayo. Kubadilisha kapasita za kuchuja hakutasaidia, na najua waliozibadilisha mara tatu. Tafuta kapasita iliyoko kwenye umeme wa ukutani, au iliyokaa juu ya valvu ya kugeuza umeme. Imekatika.

Hapa sitanii. Kapasita ya kawaida ya volti 630 haiwekwi kwenye umeme wa ukutani, hata kama hesabu inakubali. Kati ya nyaya mbili za umeme weka ya daraja la X2. Ikifa inapasua fyuzi. Kati ya umeme na chasisi, au kati ya umeme na antena au kitu chochote kinachoguswa, weka Y2, au Y1, ambazo zimetengenezwa ili zikifa zikatike, zisipige shoti. Zina mihuri yake na maandishi kama Y2 na volti za AC. Zisizo na mihuri ziache dukani. Ukubwa nao una maana: Y2 ya pikofaradi 4,700 kwenye volti 240 inapitisha mkondo wa karibu miliampea 0.35. Kampuni zamani ziliweka mpaka maikro 0.05, ambayo inapitisha karibu miliampea 4, na ndiyo sababu bibi alikuwa anasema redio "inatekenya".

Ukinunua X2 iliyotumika ndani ya pawasapulai ya kompyuta, kagua. Zile za rangi ya asali, zenye ganda linalong'aa, zikionyesha nyufa kama za udongo mkavu zitajaa unyevu, na siku moja zitajaza chumba moshi. Tupa.

Stesheni inahama yenyewe

Unaweka saa mbili usiku, saa tatu umeshasogea kwenye idhaa nyingine. Kuhama kidogo dakika kumi za kwanza ni kawaida. Kukiendelea, kuna kapasita ndogo karibu na ECH81 inayobadilika kwa joto. Puliza kwa kikausha nywele kwa mbali, moja moja, usikie ipi inasogeza stesheni. Mpya iwe ya mika, ya polistireni, au ya kauri yenye maandishi NP0 au C0G. Kauri za kawaida za duara la kahawia hubadilika kwa joto na kwa volti, hazifai hapa, ingawa ni nzuri kwingine. Na thamani ifuate ya zamani kwa pikofaradi. Hapa hakuna "karibu na hiyo".

Za mika zisizo na dalili usiziguse. Kila unayoigusa unalazimika kuirekebisha redio upya, na bila jenereta ya mawimbi utaiharibu zaidi ya ulivyoikuta. Mikwaruzo pia usiitupie kapasita kabla hujasafisha swichi ya mawimbi na rizista ya sauti, maana kutu ya chumvi ya bahari ndiyo inayokwaruza mara nyingi.

Kwenye transista za zamani

Neno moja, kwa kuwa zinaletwa nyingi. Redio za transista za germaniamu kama OC44, OC45, OC71 na OC72 mara nyingi zina chanya kwenye chasisi. Mazoea ya kuweka mguu hasi chini yanafanya elektroliti zote zikae kinyume, na zinavuja polepole wiki mbili baadaye, wakati mteja ameshalipa. Soma alama ya kapasita unayoitoa, piga picha kwa simu kabla ya kukata. Sauti ikianza kupiga filimbi betri zinapochoka, ni maikro 100 iliyo juu ya betri. Na ikiwa ina AF114 hadi AF117 na imekufa kabisa, usihangaike na kapasita: ndani ya kopo la transista kunaota nywele za bati zinazogusa ganda. Kata mguu wa nne, ule unaotoka kwenye ganda, ujaribu.

Redio ya mzee ilihitaji kapasita tano. Alipokuja kuichukua niliiwasha kupitia balbu, ikafifia, macho yake yako pale kwenye kioo. Sekunde ishirini. Kisha mkwaruzo, kisha mtu akisoma taarifa ya habari kutoka mbali, sauti ikija na kuondoka kama kawaida ya mawimbi mafupi.

"Mbona haivumi?" akauliza, kama aliyeibiwa kitu.